Mto Ulipolala Zamani

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nyuma ya nyumba kulikuwa bado giza totoro, lakini tupa ilikwisha kuamka. Kwaru, kwaru, chuma juu ya chuma, mwendo wa mtu asiye na haraka wala nia ya kunyamaza. Mama Chiriku alifumbua jicho moja, akasikiliza, akalifumba tena. Hakuwa na haja ya kuuliza. Mama mkwe wake alikuwa ananoa majembe, na yule mama hakuwa mtu wa kunoa majembe mwenyewe alfajiri isipokuwa siku moja tu ya mwaka: siku ya kuchimbua mfereji wa marehemu mumewe.

"Amka," Mama Chiriku alimwambia mumewe, akimchokonoa kwa kidole cha mguu. "Mama yako anakunolea."

"Mwambie nimekufa," sauti ikatoka ndani ya shuka.

"Tutakuzika kesho. Leo tunachimba."

Katikati ya kitanda kikainuka kichwa kidogo chenye nywele zilizosimama kila upande. "Baba amekufa?"

"Bado, mwanangu. Anajaribu tu."

Huyo ndiye Chiriku mwenyewe. Jina hilo la nyumbani alilipata kabla hajaota meno, maana mdomo wake haukupumzika ila ukiwa na chakula, na hata hapo si kila mara. Sasa alikuwa na miaka minne. Baba yake, fundi baiskeli, alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo watu walisema binti kachukua ya kwake na ya babaye pamoja.

Shamba lilikuwa chini ya nyumba, ukishuka mteremko. Refu, jembamba, limelala ubavuni mwa mto kama mtu aliyejinyoosha kando ya mwenzake. Kule juu udongo ulikuwa mwekundu, wa kawaida, maharage yakiukubali bila ubishi. Lakini chini, kabla hujafika kwenye matete ya ukingoni, ardhi ilibonyea, na hapo palipobonyea wao walipaita Bakuli. Udongo wa Bakuli ulikuwa mweusi, laini, wa kunata vidoleni, ukiushika unatamani kuulamba. Mahindi yakipandwa hapo yalichipua kwa fujo, yakapita magoti, yakapita kiuno, wapita njia wakasimama kuyasifu. Halafu zilikuja mvua kubwa. Bakuli lilijaa maji, mahindi yakageuka manjano, yakalala. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Na dawa ilikuwa ileile. Baba mkwe, enzi za uhai wake, alichimba mfereji kutoka Bakuli hadi mtoni ili maji yapate pa kutokea. Alipofariki, mama mkwe aliapa kwamba mfereji ule hautaziba yeye akiwa hai. Basi kila mwaka kabla ya mvua familia nzima iliingia mferejini, ikatoa matope, ikakata mizizi, ikachimba chini kidogo kuliko mwaka uliopita. Maji yakaja, yakazidi ya mwaka uliopita. Wakasema, aa, hatukuchimba vya kutosha. Mwaka uliofuata wakachimba zaidi.

Ila safari hii mama mkwe alikuwa amechoka. Wiki chache nyuma, wakipepeta maharage barazani, alisema bila kuinua macho, "Tofali kaniomba Bakuli tena. Anataka udongo. Nimemwambia, mahindi yakilala na mwaka huu, achukue sehemu yote ya chini, achimbe matofali yake. Tupumzike."

Ungo wa Mama Chiriku ulisimama. Tofali alikuwa mfyatua matofali aliyepakana nao upande ule mto unakoelekea, jirani mwema, mcheshi, mikono kama sepetu. Lakini mahali alipopita Tofali palibaki shimo. Udongo ukishachomwa tofali haurudi kuwa shamba.

Mama Chiriku alikulia vyumba vya kupanga, mama yake akiotesha mchicha kwenye ndoo iliyotoboka. Siku ya kwanza aliyopelekwa kwenye shamba lile, bibi harusi mpya, alivua viatu, akasimama tu. Mumewe alidhani amekanyaga mwiba. Chiriku alijifunzia kutembea pale Bakuli, akishika shina la hindi hili, akilirukia lile. Na ndani ya kichwa chake Mama Chiriku alikuwa ameshapagawanya pote: mahindi hapa, maboga kule, mboga pembezoni, na njia nyembamba katikati ya kupita yeye na karai lake.

"Nipe msimu huu mmoja, Mama," alisema.

"Nimekupa. Ndio huu."

Basi asubuhi ile ya tupa alishika jembe kama mtu anayepigania jambo lake. Jua lilipochomoza walikuwa wote mferejini, matope magotini, mama mkwe akisimamia kutoka juu na fimbo yake kama mwalimu wa gwaride.

"Chini zaidi hapo! Baba yenu angekuwepo angeona aibu."

"Baba angekuwepo tungekuwa wanne," mwanawe akanong'ona.

"Nimesikia!"

Ilikuwa karibu na mchana jembe la Mama Chiriku lilipogonga kitu, kikalia. Akainama, akapapasa. Jiwe. Jingine. Mengine mengi, madogo, ya duara, laini kama mayai ya njiwa, na kati yao maganda ya konokono wa majini, meupe, yaliyovunjika. Alisimama akiyageuza kiganjani.

Jioni tatu kwa wiki alikuwa anasoma darasa la watu wazima, akimalizia masomo aliyoyakatisha zamani. Si muda mrefu mwalimu wao alikuwa amepitisha mawe mawili darasani, moja la ncha ncha, moja la duara, akauliza nani kalichonga hili la pili. Kinyozi aliyekaa mbele akasema ni fundi mzuri. Mwalimu akacheka, akasema ni maji. Jiwe halijichongi, limebiringishwa na mto miaka na miaka mpaka likasahau ncha zake.

Sasa mto uko kule, Mama Chiriku akawaza, na mawe yake yanafanya nini huku?

"Mama," aliita, "mto uliwahi kupita hapa Bakuli?"

"Mto uko pale unapouona. Chimba."

Lakini mama mkwe alikaa kitako ukingoni, akakuna kidevu, na baada ya muda akaanza kucheka peke yake. "Unajua nini? Nilipoolewa hapa, nilimkuta bibi yake mume wangu bado hai. Kizee kweli kweli. Kila asubuhi anashika kijiti chake, anasema, 'Nashuka mtoni.' Halafu anakuja kukaa hapa hapa Bakuli, juani, anatazama majani ya kile kichaka. Tukidhani ni utu uzima umemzidi. Tukamwitia watoto wamrudishe: mpelekeni bibi mtoni, kapotea njia."

Kicheko kilimkatika katikati. Walitazamana.

"Hakupotea njia," Mama Chiriku alisema taratibu.

"Chimba, mwanangu," mama mkwe alisema, lakini sauti ilikuwa imepoa.

Kesho yake Mama Chiriku alimshika Chiriku mkono, wakaenda kwa Tofali. Walimkuta shimoni, kifua wazi, anakanyaga udongo kwa miguu.

"Umekuja kukagua shamba langu jipya?" Tofali alimpokea, meno yote nje.

"Nimekuja kukagua mashimo yako ya zamani. Hilo jipya utaliota ndotoni, kaka."

"Haya, shemeji. Karibu kwenye ikulu ya matope."

"Mbona wewe ni mkubwa na unacheza matope?" Chiriku akauliza.

"Kwa sababu sikumsikiliza mama yangu," Tofali akamjibu kwa uso mkavu, na Chiriku akaliweka jibu hilo akilini kwa matumizi ya baadaye.

Ukuta wa shimo ulikuwa umekatwa wima, na Mama Chiriku aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Ardhi ilikuwa imepangwa kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine: juu udongo mweusi, chini yake udongo wa mfinyanzi wa kijivu, kisha mchanga, na ndani ya mchanga yale yale mawe ya mayai ya njiwa.

"Huu ni mto," Tofali alisema, akipitisha kidole kwenye mkeka wa mchanga. "Yaani ulilala hapa zamani, ukahama. Mimi naufuata tu. Panapokuwa na mchanga chini, juu yake pana mfinyanzi mzuri. Unapinda hivi, unapita pale penye kichaka, halafu moja kwa moja..." Mkono wake ukaelekea Bakuli. Akajikuna shingo. "Ndiyo maana napataka pale, shemeji. Sina ubaya."

"Najua huna ubaya. Una pupa tu."

"Pupa na mgongo mbovu. Unaona ndoo zile? Maji yote ya kukanyagia nayapandisha kutoka mtoni kwa mkono. Nikifa mwandike ameuawa na ndoo."

Mama Chiriku alizitazama ndoo. Alitazama kichaka, akatazama Bakuli, akarudi kutazama ndoo. "Kaka, ule mpira wako mweupe wa kupimia misingi ya nyumba unao bado?"

Mpira ule ulikuwa wa plastiki, mwembamba, unaopitisha macho, mrefu kuliko ua wa nyumba. Ukiujaza maji, ukashika ncha moja hapa na mwenzako nyingine kule, maji ya ncha zote mbili yanasimama usawa mmoja, uwe kilimani au bondeni. Mafundi ujenzi hawawezi kuishi bila huo. Jioni ile Mama Chiriku alimsimamisha mumewe kando ya mto, penye matete yenye alama ya mafuriko ya mwaka jana, vijiti na majani makavu vikiwa vimenasa juu juu kama kofia. Yeye akavuta ncha yake hadi katikati ya Bakuli.

"Shika penye takataka hizo!" alipaza sauti. "Usawa wake kabisa!"

"Nimeshika!"

Akaweka ncha yake chini. Maji yakamrukia usoni. Akainua hadi goti, yakamwagika. Kiuno, yakamwagika. Yalipotulia ndani ya mpira, mkono wake ulikuwa umefika kifuani.

Fundi, mumewe, alikuja mbio kuona, akamkuta mkewe amesimama katikati ya Bakuli, mkono kifuani, kama mtu anayekula kiapo.

"Mto ukijaa unafika hapa," alisema. "Hapa kifuani, mume wangu. Bakuli liko chini kuliko mto. Maji yetu hayajawahi kutoka kwa ule mfereji. Yanaingia!"

Fundi alitazama mfereji waliouchimba jana, wazi, safi, umenyooka. "Kwa hiyo sisi kila mwaka..."

"Tunaufungulia mto mlango."

"Na kuufagilia njia."

"Na kuugombeza ukichelewa!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Chiriku, asiyejua kinachochekwa, alicheka kuliko wote. Kisha fundi akafuta macho, uso ukabadilika. "Nani atamwambia Mama?"

Aliyemwambia ni Mama Chiriku, kwa kuwa fundi alikumbuka ghafla baiskeli ya mtu. Alimweleza taratibu, kwa heshima zote, mawe, mpira, takataka za matete. Kwamba mdomo wa mfereji uzibwe kule mtoni. Kwamba maji ya Bakuli yafunguliwe kwa nyuma, kupitia penye kichaka, kule mto ulikolala zamani, maana walishapima na huko pia, na mashimo ya Tofali yako chini kuliko Bakuli.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akakung'uta kanga.

"Kwa hiyo mume wangu alikuwa mjinga."

"Mama, sijasema..."

"Alichimba mfereji ule kwa mikono yake, mimi nikimpelekea maji ya kunywa. Uzibwe? Uzibeni nikishakufa. Si mbali."

Nyumba ikaingia baridi. Chai ilitengwa kimya, vikombe vikawekwa mezani kwa kishindo kidogo kuliko matusi na kikubwa kuliko salamu. Mama Chiriku alipanda mahindi yake Bakuli, mbegu baada ya mbegu, akijua kwamba anayapandia maji. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa pili wa mto. Usiku alijigeuza kitandani: aliyekuwa anamwomba kuziba mfereji hakuwa mkaidi tu, alikuwa mjane. Utamnyang'anyaje mtu kaburi la pili la mumewe?

Jibu halikutoka kwake. Siku moja asubuhi walikwenda mtoni watatu, mama mkwe mbele, hasemi, Mama Chiriku nyuma na madumu, na Chiriku akisema kwa niaba ya wote. Walipofika, mtoto alichuchumaa ukingoni, akanyoosha kikombe chake cha plastiki, akachota maji, akanywa.

"Toka hapo, utatumbukia!" bibi yake akafoka. "Hujui hapo ni parefu, mpaka ushuke nga..."

Aliukaribia ukingo. Alitazama maji, yaliyokuwa karibu na nyasi. Alitazama mkono mfupi wa mjukuu wake.

"Mpaka ushuke nini, Bibi?"

"Ngazi," alisema mama mkwe polepole. "Hapa palikuwa na ngazi za mawe. Nilipokuwa na mimba ya baba yako, tumbo hili, siwezi kuona miguu yangu, babu yako akanipangia mawe bapa nishuke nayo. Maji yalikuwa huko chini kabisa. Ukichota, unapumzika mara mbili kabla hujafika juu." Aligeuka huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kitanda hakipo. "Zimekwenda wapi?"

Mama Chiriku aliutazama mchanga wa ukingoni. Aliweka madumu chini, akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mikono. Chiriku akajiunga bila kuombwa, mchanga ukiruka hadi masikioni. Walifukua mpaka viwiko vikazama, na hapo kucha zikagusa kitu bapa, baridi. Wakakisafisha. Chini yake na mbele kidogo, jingine. Mengine yalikuwa yamezama mbali zaidi, ndani ya maji.

Mama mkwe alivua ndala. Aliingiza mguu mmoja ndani ya shimo, akakanyaga juu ya lile jiwe la kwanza, akasimama hivyo, kashika bega la mkwewe.

"Mchanga," alisema Mama Chiriku kwa sauti ndogo. "Mto umeleta mchanga kila mwaka, ukaujaza chini yake, ukapanda juu yake mwenyewe. Zamani mto ulikuwa chini, shamba juu. Baba alipochimba mfereji, maji yalitoka kweli."

"Yalitoka. Niliyaona kwa macho yangu, yanashuka kwa kelele."

"Basi hakukosea, Mama. Mto ndio uliopanda."

Mama mkwe aliutoa mguu shimoni, akavaa ndala. Kisha alipenga kamasi kwa ncha ya kanga, akauelekea mfereji, akauambia kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "Umesikia? Hukukosea. Sasa usininunie." Akageuka. "Jembe liko wapi? Mnangoja mvua iwasaidie?"

Bonge la kwanza la udongo alilitupa yeye. Fundi alipofika na kuambiwa habari, alishika kichwa. "Tumechimba siku nzima, sasa tuzibe?"

"Ukimaliza kulia utatukuta," mama yake akamwambia.

Waliziba mdomo wa mfereji kwa magunia ya mchanga na udongo ulioshindiliwa, wakaushindilia tena, Chiriku akipewa kazi ya kurukaruka juu, kazi aliyoifanya kwa moyo wote. Upande wa pili Tofali alikuja na sepetu yake bila kubembelezwa, kwa kuwa Mama Chiriku alikuwa amemwambia jambo moja tu: mfinyanzi wote utakaotoka kwenye njia mpya ni wako, na maji yatakuja kwenye shimo lako kwa miguu yake yenyewe.

"Bila ndoo?" Tofali alikuwa ameuliza.

"Bila ndoo."

"Shemeji, mngenambia mapema ningeshachimba hadi mwisho wa dunia." Alichimba akiimba vibaya, akiufuata mkeka wa mchanga kama mtu anayefuata mshono wa nguo, mpaka njia ikatoka Bakuli, ikapita kichaka, ikaangukia shimoni kwake. Mpango wa mahindi kulala, hata hivyo, haukufutwa. "Neno langu ni neno langu," mama mkwe alisema. "Yakisimama, shamba ni la mke wa mwanangu. Yakilala, ni la Tofali. Tofali, ombea chochote unachotaka, sitakuuliza."

"Naombea mgongo wangu," Tofali akasema.

Mahindi yalikuwa yamepita kiuno mvua kubwa ilipokuja. Ilinyesha jioni, ikanyesha usiku, ikapiga bati mpaka watu wakaongea kwa ishara. Kulipopambazuka ilipungua ikawa manyunyu. Mama Chiriku hakungoja chai. Alishuka mteremko akiteleza, mumewe nyuma yake na Chiriku mabegani, na juu kabisa, kwenye kona ya nyumba, mama mkwe akabaki amesimama na gunia kichwani, magoti yake yasimruhusu kuthubutu lile tope.

Mto ulikuwa umevimba, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita na magogo. Ulikuwa umeufikia mdomo wa mfereji, unaulamba, unaulamba tena, kama ng'ombe anayesukuma lango alilolizoea. Udongo ulishikilia. Fundi alikanyaga juu yake, akakanyaga tena, akainua kidole gumba. Ndani ya Bakuli kulikuwa na maji, ndiyo, maji ya mvua, ya vifundoni. Mama Chiriku aliingia ndani yake, akadondosha jani. Jani likasita. Likazunguka. Kisha likaanza kwenda, taratibu, likielekea kichaka, kule bibi kizee wa zamani alikokuwa akitazama.

Kutoka mbali, mashimoni, ilisikika sauti ya Tofali ikipiga makelele, "Yanakuja! Yanakuja yenyewe! Wacheni ndoo!"

"Jamani!" mama mkwe aliita kutoka juu, sauti ikipasuka. "Huko chini mmekuwa mabubu? Yamelala?"

Mama Chiriku alifungua kinywa. Alizungukwa na majani mabichi yanayodondosha maji, marefu kuliko mkono wake, akajikuta anayashika mojamoja badala ya kujibu. Alimtazama mumewe, naye mumewe alikuwa anajifanya kufuta mvua usoni.

Basi aliyejibu ni yule aliyekaa mabegani, aliyekuwa anaona mbali kuliko wote.

"Bibi, mahindi yote yamesimama."